Mwembe Gani Tupande? Shauri kwa Wenye Mashamba Madogo ya Lamu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Mkomani, Lamu. Tumeyapiga chapa kwa kuwa yatawafaa pia wasomaji wetu wa sehemu nyingine za pwani.)



Mimi si Bwana Shamba. Kazi yangu ni kufasiri. Maneno ya wataalamu wa kilimo hunifikia katika lugha ya kigeni, nami huyatia katika Kiswahili ili yamfikie mwenye jembe mkononi. Mfasiri hujifunza upesi kwamba kuna maneno ambayo hayavuki bahari salama, na leo nataka kuanza na neno moja la namna hiyo, nalo ni pea.

Katika nchi za baridi, watu wenye bustani ndogo nyumbani huandika na kusoma habari nyingi sana juu ya kuchagua aina za pea. Mtu wa pwani akisikia neno hilo hufikiri habari ya parachichi, kwa maana ndilo tunda ambalo wengi wetu tumezoea kuliita pea. Lakini tunda wanalolisema wao ni jingine kabisa, nalo ni ndugu wa tofaa. Mti wake hupukutisha majani yote wakati wa baridi, ukalala kama mfu, kisha ukaamka na kuchanua baridi inapokwisha. Aina nyingi za mti huo hazichanui vema ila zikipata kwanza saa mamia kadhaa za baridi iliyo chini ya digrii 7 za sentigredi, na nyingine hutaka saa zipatazo elfu moja. Katika Kenya mti huo waweza kuzaa katika nchi za juu kama Limuru. Hapa Lamu hatupati baridi ya namna hiyo hata kwa saa moja, tangu Januari hadi Desemba. Mtu akiupanda hapa, atapata majani na kivuli chembamba, wala hatapata tunda.

Basi sikuja kuwashauri mpande pea. Nimekuja na njia yao ya kuchagua, kwa kuwa njia hiyo ni nzuri nasi twaweza kuitumia katika mti wetu wenyewe, yaani mwembe.

MASWALI MATATU YA MPANZI

Mtu wa nchi ya baridi hachagui pea kwa utamu kwanza. Huanza kwa kuuliza: Je, mti huu utaistahimili siku iliyo mbaya kuliko zote mahali pangu? Kwake siku mbaya ni ile ambayo maji hugeuka kuwa mawe ardhini. Pea tamu kupita zote haina faida kama mti wake hufa katika baridi ya kwanza.

Swali la pili ni hili: Mti huu umesimama juu ya mizizi gani? Pea hupachikwa juu ya shina la mti mwingine. Mara nyingi huwa ni shina la mti uitwao kwinsi, ambao huufanya mpea uwe mfupi na uzae mapema. Lakini mizizi ya kwinsi haiwezi kustahimili baridi iliyo kali mno. Kwa hiyo penye baridi kali huchagua mizizi ya mpea wenyewe, ijapokuwa mti utakuwa mkubwa na utakawia kuzaa.

Swali la tatu: Matunda yataiva lini, na nani atakayeyala? Wao hupanda aina ya mapema, ya katikati na ya mwisho, ili nyumba isiwe na matunda mengi mno kwa majuma mawili, kisha ikae bila kitu.

Maswali haya matatu ndiyo nitakayoyatumia katika habari ya mwembe. Lakini kabla ya hayo, kuna jambo moja ambalo lisipofahamika, mengine yote hayana maana.

KOKWA HALIRUDISHI MAMA YAKE

Desturi ya wengi ni hii. Mtu hula embe tamu, akalipenda, akaosha kokwa lake, akalipanda nyuma ya nyumba. Humwagilia maji, hulizungushia miiba ili mbuzi na punda wasile, na hungoja. Hungoja miaka sita, pengine minane. Siku mti unapozaa, huona embe dogo, lenye nyuzinyuzi nyingi, lenye harufu kama ya mafuta ya taa. Hapo husema kwamba ardhi ni mbaya, au kwamba aliyempa embe alimdanganya. Ardhi haina makosa, wala mtoaji hana makosa.

Sababu ni kwamba embe lina mama na baba. Mama ni mti uliozaa tunda. Baba ni mti uliotoa chavua, ambayo huletwa na inzi na nyuki juu ya ua. Kokwa huchukua tabia za wote wawili, na mtoto aweza kufanana na mmoja wao, au asifanane na yeyote. Katika aina nyingi zenye asili ya Bara Hindi, kila kokwa hutoa mche mmoja tu, na mche huo ndio mchanganyiko ninaousema. Ziko aina nyingine, hasa zenye asili ya nchi za Kusini-Mashariki ya Asia, ambazo kokwa lake moja hutoa miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hufanana kabisa na mama. Lakini mkulima anayeokota kokwa sokoni hawezi kujua ni la namna gani.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli. Mwaka 1889 miche ya aina ya embe iitwayo Mulgoba ilipelekwa kutoka Bara Hindi hadi Florida, katika Marekani. Mwaka 1902 mzee mmoja, Kapteni Haden, alipanda huko makokwa ya Mulgoba, yapata miche dazeni nne. Mwaka uliofuata alifariki dunia, asionje hata embe moja. Mkewe aliitunza miti ile. Mwaka 1910 mmoja kati ya miti hiyo ulizaa matunda makubwa, yenye rangi nyekundu ya kupendeza, yasiyofanana na ya mama yake. Embe hilo likaitwa Haden, na kutoka kwake yamezaliwa maembe mengi yanayouzwa leo duniani. Wataalamu walipochunguza damu ya mti huo katika miaka ya karibuni, waliona kwamba baba yake alikuwa mwembe wa kienyeji wa huko, wenye nyuzi nyingi na harufu kali.

Watu wakisikia habari hii hufurahi, wakasema: Basi na mimi nipande makokwa. Lakini tazameni hesabu. Katika miche dazeni nne, ni mmoja tu uliopata jina kubwa duniani. Mwenye shamba la ekari mia aweza kucheza bahati nasibu ya namna hiyo. Mwenye nafasi ya miti mitano hawezi.

KUPACHIKA

Njia ya salama ni kupachika, ambako wengine hukuita kubebesha. Mkulima huotesha kokwa la embe la kienyeji, lenye mizizi yenye nguvu. Kokwa lipandwe mapema baada ya kutolewa katika tunda, kwa maana likikaa majuma mengi hufa. Mche ukifikia unene wa penseli, hukatwa kichwa chake, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, na shina hupasuliwa kidogo. Kisha huchukuliwa kitawi kilichokomaa, chenye unene ulio sawa na wa shina, kutoka katika mti ambao matunda yake yanajulikana. Majani ya kitawi hicho huondolewa yapata siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, ili macho yake yavimbe. Kitawi huchongwa kama kabari, huingizwa katika mpasuko, na kufungwa kwa utepe wa plastiki kwa nguvu, maji na hewa visipite. Kisu kiwe kikali na safi.

Tawi lililopachikwa halibadiliki tabia. Likiwa limetoka katika Ngowe, litazaa Ngowe. Tena litaanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wala halitangoja miaka minane. Ni ada njema kuyang'oa maua ya mwaka wa kwanza na wa pili, ili mti upate nguvu kwanza. Mtoto hatwikwi mzigo wa mtu mzima.

SIKU MBAYA YA LAMU

Sasa turudi katika swali la kwanza. Siku mbaya ya Lamu si ya baridi. Sisi tuna maadui wanne wa mwembe.

Adui wa kwanza ni chumvi. Maji matamu ya kisiwa hiki hukaa chini ya michanga ya Shela, na visima vya mahali pengine vina maji ya chumvichumvi. Mwembe hauipendi chumvi. Ukiona ncha za majani zimekauka na kuwa kahawia kama zilizoungua, onja maji unayoumwagilia. Mche mchanga utaweza kufa kwa maji ambayo mnazi huyanywa bila taabu.

Adui wa pili ni chokaa. Penye mawe ya matumbawe karibu na uso wa ardhi, mwembe hupungukiwa na chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapa ndipo swali la mizizi linapoingia. Katika nchi ya Israeli, ambako ardhi ina chokaa na maji yana chumvi, wataalamu walichagua shina la kupachikia liitwalo 13-1, linalostahimili mambo hayo mawili. Sisi twaweza kufuata akili hiyo bila kuagiza kitu ng'ambo. Tazama miembe mizee ya kienyeji ambayo imesimama miaka mingi katika ardhi yako mbaya, ingali na majani ya kijani. Hata kama matunda yake hayaliki, makokwa yake ndiyo ya kuoteshea mashina.

Adui wa tatu ni upepo. Kusi huvuma kwa nguvu na huchukua chumvi ya bahari. Hupukutisha maua na matunda machanga. Shamba lililo wazi kuelekea baharini lipandiwe kwanza mivinje au minazi, na miembe ikae nyuma yake.

Adui wa nne ni mvua wakati wa maua. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kwetu, na miembe ya pwani huchanua zaidi baada ya masika, kunapokuwa na ukame na ubaridi kidogo. Mvua au umande mwingi ukianguka juu ya maua huleta chule, ugonjwa unaoyafanya maua yawe meusi na matunda yawe na madoa. Tena kuna ubwiri unga, ambao huyafunika maua kama yaliyonyunyiziwa unga mweupe. Hakuna aina ya embe ambayo haipatwi kamwe na magonjwa hayo, lakini mti uliopewa nafasi na kupunguzwa matawi ya ndani, hata hewa ikapita, hukauka upesi na huumwa kidogo. Kwa hiyo acheni futi 30 hadi 40 kati ya mti na mti.

Nami naongeza neno kwa wenye nyumba za mawe hapa Mkomani. Nyumba zetu zimekaribiana, kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti, na mabirika ya maji yamo ndani yake. Mwembe mkubwa si mti wa uani katika mji kama huu. Mizizi yake na kuta za kale havitapatana, na majirani pia hawatapatana. Mwenye ua mdogo apande mndimu au mkomamanga. Miembe ni ya mashamba yaliyo nyuma ya mji, na ya bara, kama Hindi, Mkunumbi na Mpeketoni, ambako wengi wenu mna ardhi au jamaa.

AINA ZENYEWE

Ngowe. Hili twalijua sote. Ni embe refu, lenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, rangi yake ni kijani hafifu ambayo hugeuka manjano. Nyama yake ni ya manjano iliyokolea, haina nyuzi za kusumbua, wala haina harufu ya mafuta ya taa. Mti wake si mkubwa kupita kiasi. Kasoro yake ni kwamba huelekea kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Kwa shamba la Lamu, naona Ngowe ndiyo iwe ya kwanza.

Boribo. Embe kubwa, refu kidogo, nyama yake ya rangi ya machungwa na tamu sana. Jina lake huhusishwa na kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion. Ni embe la kula nyumbani na la kumpa mgeni.

Apple. Embe la mviringo, kama tofaa, ndiyo maana ya jina. Likiiva huwa la manjano lenye wekundu, nyama yake ni laini na ina maji mengi. Katika masoko ya Kenya hutafutwa sana, basi anayetaka kuuza asiliache. Lakini lazima liwe la kupachikwa; miche ya kokwa la Apple hutofautiana sana.

Dodo. Jina hili limebeba miti mingi isiyofanana. Mwembe wa kokwa ambao haukupata jina jingine huitwa dodo. Baadhi yake ni mizuri mno, mingine ni nyuzi tupu. Usiutupe mdodo mzuri. Embe lake bichi ni zuri kwa achari, na kwa kuliwa kwa chumvi na pilipili. Na makokwa yake ni ya kuoteshea mashina.

Liko pia embe la sikio la punda, ambalo katika mji wetu halihitaji mtu kueleza umbo lake, na mengine ya kale ambayo huenda yamebaki katika shamba moja au mawili. Mwenye mti wa namna hiyo aupachike miche miwili au mitatu kabla haujaanguka. Mti wa mwisho ukifa, jina hubaki na tunda halipo.

Aina za Florida. Tommy Atkins lina ganda gumu, husafiri vema na hustahimili chule kuliko mengi, lakini lina nyuzi na utamu wake ni wa kadiri. Kent ni tamu zaidi. Keitt hukawia kuiva kuliko wengine, na hiyo ndiyo faida yake, kama nitakavyoeleza sasa.

EMBE LINALOOZA BANDARINI

Swali la tatu ni wakati. Wakati wa kaskazi maembe hujaa kila mahali kwa pamoja. Kila nyumba ina maembe, na jirani pia anayo, na bei huanguka hata nauli ya mashua huwa kubwa kuliko thamani ya kikapu. Mkulima huona mazao ya mwaka yakioza mbele ya macho yake. Huo si wingi wa baraka. Ni wingi wa aina moja kwa siku moja.

Mwenye nafasi ya miti sita, shauri langu ni hili: apande Ngowe miwili, Apple miwili, Boribo mmoja na Keitt mmoja. Kama kuna mdodo wa zamani, auache. Hivyo nyumba itakula kwa muda mrefu zaidi, na ikiwa mwaka huu Ngowe imepumzika, Apple itajibu. Watoto nao watapata vitamini A na C kwa majuma mengi badala ya machache. Mwenye miti sita ya aina moja ni kama nahodha aliyefunga matanga yote kwa kamba moja.

MITI YA URITHI

Wengine watasema: Mimi sina nafasi ya kupanda, miti ya babu imejaa shambani. Hao wana njia. Mwembe mzee wenye afya waweza kukatwa matawi yake, na machipukizi mapya yakapachikwa aina njema. Mizizi ile ya zamani ina nguvu, basi mti huzaa tena baada ya miaka michache. Usikate matawi yote kwa mara moja. Acha moja au mawili yaulishe mti hata jeraha lipone, na shina lipakwe chokaa ili jua lisilichome.

Lakini kabla ya kushika msumeno, uliza mti ni wa nani. Katika pwani yetu mti waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mti waweza kuwa wa warithi saba, na mmoja wao yuko Mombasa au Maskati. Waweza kuwa wakfu. Mwembe huishi kuliko aliyeupanda, na ugomvi wa mwembe huishi vilevile. Barua moja kwa jamaa, kabla ya kukata, ni nafuu kuliko kesi ya miaka kumi.

ADUI WA MTAA MZIMA

Sina budi kumalizia na adui mmoja ambaye haachi aina yoyote, tamu wala chungu. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia alionekana kwa mara ya kwanza katika pwani ya Kenya, na baadaye akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Nje huoni ila alama ndogo, ndani mna funza. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi huyu, na biashara hiyo haikufunguliwa tena hata mwaka 2021. Miaka saba imepita kwa sababu ya mdudu mdogo tu.

Dawa ya kwanza haina gharama. Embe lililoanguka lisiachwe chini. Maembe yote yaliyoanguka yaokotwe kila siku mbili au tatu, yatiwe katika mfuko mweusi wa plastiki, ufungwe na kuwekwa juani siku kadhaa hata funza wafe. Au yafukiwe katika shimo lenye kina kinachopita futi 2. Tena kuna mitego yenye harufu inayowavuta madume. Na chungu maji moto, ambao wapandaji wa miembe huwalaani kwa kuuma kwao, ni walinzi wazuri. Wataalamu waliofanya kazi Unguja katika miaka ya 1950 waliona jinsi walivyoilinda minazi dhidi ya wadudu, na katika nchi nyingine za Afrika imeonekana kwamba penye chungu hao inzi wa matunda hupungua. Basi msiwachome moto.

Lakini dawa hii haimfai mtu mmoja peke yake. Inzi hajui mpaka wa shamba. Watu tisa wakiokota na wa kumi akaacha maembe yake yaoze chini, huyo mmoja amewafugia inzi wenzake wote tisa. Hili ni jambo la mtaa kupatana, kama vile watu wanavyopatana juu ya kisima.

LA KUFANYA SASA

Mashimo yachimbwe kabla ya masika, futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Sisi tulio na punda wengi kama hapa hatuna udhuru wa kukosa samadi, lakini isitiwe mbichi, maana huunguza mizizi. Mche upandwe mvua zikishika, na pale palipopachikwa pakae juu ya ardhi. Katika ukame wa miaka miwili ya kwanza, mche unyweshwe maji matamu angalau mara moja kwa juma, na shina lizungukwe na majani makavu yasiyoligusa.

Miche inunuliwe kwa mtu anayeweza kukuonyesha mti wa mama. Asiyeweza kukuonyesha, anakuuzia jina tu. Ofisi ya kilimo ya kaunti huweza kukuelekeza, na pia kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, kilicho chini ya shirika la KALRO, kimefanya kazi ya miembe ya pwani kwa miaka mingi.

Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa jembe, kwa kuwa jembe baya hubadilishwa kesho. Mwembe haubadilishwi kesho. Anayeupanda leo anawachagulia chakula wajukuu ambao hajawaona. Basi katika habari ya mti, mwenye kuchagua ndiye mkulima.